Kabla ya Kukata Waya: Utangulizi wa Elimu ya Redio za Magari

Toyota Altezza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1998, na uzalishaji wake ukakoma 2005. Ni sedani ndogo yenye damu ya gari la mbio, na vijana wengi wa Tanzania hawahitaji kuelezwa zaidi; wanaitambua kwa mlio kabla haijatokeza kwenye kona. Chukua moja iliyovuka bahari kama mtumba, ikashushwa bandari ya Dar es Salaam, ikapitia kwa wenyewe wawili watatu, kisha ikafika Mpanda, ikapita Sitalike, ikakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi mpaka Kibaoni na kuingia Usevya. Injini iko vizuri. Redio inawasha taa zake zote. Lakini mwenye gari akitafuta stesheni, anaambulia mkwaruzo tangu namba ya kwanza hadi ya mwisho. Anamwita fundi: "Fundi, hii redio imekufa, haikamati kitu." Haijafa. Irudishe Nagoya leo, itaimba.

Elimu ya redio za magari inaanzia hapo, kwenye kifaa kizima kisichofaa mahali kilipo. Wengi huingia kwenye fani hii wakidhani wamekuja kujifunza kuchomoa cha zamani, kuchomeka cha kisasa chenye kioo cha kugusa, na kupokea hela. Hayo yamo, na utayajua. Lakini mimi nakukaribisha kwa mlango mwingine, kwa sababu naamini kwamba gari la mtumba likifika kwetu bado halijaisha kutengenezwa. Kiwanda kilimtengenezea msikilizaji wa Japani, kwa mawimbi yake, lugha yake na barabara zake za kulipia. Sehemu iliyobaki humaliziwa na fundi umeme chini ya mwembe, na hakuna mahali kazi hiyo inapoonekana wazi kama kwenye tundu la redio.

Tuanze na mawimbi. Japani iliitengea FM nafasi ya megahezi 76 hadi 90. Juu ya hapo, kuanzia 90 hadi 108, zilikaa chaneli tatu za kwanza za televisheni ya analogi, nazo hazikuondoka mpaka televisheni hiyo ilipozimwa kati ya 2011 na 2012. Nchi za Afrika, pamoja na za Ulaya, zilikubaliana mpango wao wa FM katika mkutano wa Geneva mwaka 1984, kati ya megahezi 87.5 na 108. Piga hesabu mwenyewe: redio ya Japani ya miaka hiyo na stesheni za Tanzania zinakutana kwenye kipande chembamba cha megahezi 2.5 tu, kuanzia 87.5 hadi 90. Clouds FM ya Dar es Salaam, kwenye 88.5, imo ndani ya kipande hicho. Kwa hiyo mtu anaweza kuendesha gari lake Dar es Salaam kwa miezi, anasikia muziki, hana shida na mtu, halafu akasafiri kuelekea magharibi na kuamini kwamba redio imeharibikia njiani.

Upande wa AM, cha kuchekesha, hakuna ugomvi wowote. Japani na Afrika zote huacha kilohezi 9 kati ya stesheni na stesheni, wakati Marekani huacha 10. Redio ileile iliyo kiziwi kwa FM ingeikamata vizuri Redio Tanzania Dar es Salaam enzi ilipokuwa ikirusha kwa masafa ya kati. Ila magari haya yalipoanza kumiminika kwetu, masikio ya watu yalikwisha kuhamia kwenye FM.

Dawa ya kwanza ya ukiziwi huo ni kijisanduku kinachowekwa kati ya waya wa antena na redio; mafundi wengi hukiita ekspanda. Hakipanui chochote, jina linakisingizia. Ndani yake mna saketi inayoshusha kila stesheni kwa kiasi kimoja kisichobadilika, tuseme megahezi 14. Stesheni ya 98.0 inatokea kwenye 84.0, na redio ya Kijapani inaipokea bila kujua kuwa imedanganywa. Gharama zake ni hizi: namba kwenye kioo haisemi kweli tena, stesheni zilizo juu ya 104 zinabaki nje, kwa kuwa zikishushwa 14 bado zinazidi 90, na iliyopo 102.5 itatua juu ya 88.5, palepale penye mwenyeji wake. Ukisikia sauti mbili zinagombana ndani ya gari, usimlaumu mrushaji.

Siipendi ekspanda, wala siidharau. Kwa mwenye gari la spoti la zamani anayetaka dashibodi ibaki kama ilivyotoka kiwandani, hiyo ndiyo njia isiyoacha kovu. Hata kile kifaa cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, kinachochukua muziki wa flashi na kuurusha kwa FM, kinafanya kazi kwenye redio ya Kijapani ukikumbuka kukiweka kati ya 87.5 na 90. Watu hukiweka 107, wakakirudisha dukani kwa hasira.

Mawimbi si mabaki pekee ya Japani utakayoyakuta. Magari ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 yana mdomo wa kumeza visahani vya MD, vilivyoletwa na Sony mwaka 1992 na kupendwa sana kwao. Kwetu mdomo huo umekaa wazi ukila vumbi. Kuna sauti ya mwanamke inayomkumbusha dereva, kwa Kijapani chenye adabu, kwamba hajaingiza kadi ya ETC, yaani kadi ya kulipia barabara kuu. Madereva wa Afrika Mashariki wamesalimiwa na mama huyo kila asubuhi kwa miaka bila kujua anadai nini. Na katika Toyota za karibuni zaidi upo mtego wa redio yenye ramani: betri ikitolewa, kioo kinadai namba ya siri, na kadi yenye ramani mara nyingi ilikwisha kuchomolewa kabla gari halijapanda meli. Hapo redio nzima inageuka kipande cha plastiki, na mteja analazimika kununua nyingine hata kama hakupanga.

Sasa tundu lenyewe. Ukubwa wa uso wa redio za magari ulipangwa na Wajerumani katika kipimo chao cha DIN, baadaye ukawa kipimo cha kimataifa: upana milimita 180, urefu wa kwenda juu 50 kwa redio ndogo au 100 kwa kubwa. Toyota na Daihatsu walichagua upana wa milimita 200. Ndiyo maana redio nyingi mpya ukiipachika kwenye Toyota inaacha nafasi ya milimita 10 kila upande. Vipo vipande vya plastiki vya kuziba nafasi hiyo, na bei yake haimzidi mtu nguvu. Wako wanaoziba kwa sponji, wengine kwa gundi ya silikoni. Katika gari la kawaida naweza kufumba macho. Katika Altezza au Celica ambayo mwenyewe anaiosha kila jioni, naona ni kumtukana.

Kwenye waya ndiko hela zinakopotea, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Nyuma ya redio ya Toyota ya miaka ile kuna plagi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Ile kubwa hubeba umeme, taa na spika za mbele. Ndogo hubeba spika za nyuma. Kwa rangi za Toyota, waya wa buluu wenye mstari wa njano una umeme muda wote, wa kijivu unapata umeme ufunguo ukizungushwa, wa kahawia ni ethi, na wa kijani unawaka pamoja na taa za gari. Redio mpya ya dukani ina mpango wake: njano ni umeme wa muda wote, nyekundu ni wa ufunguo, nyeusi ni ethi, nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu ya mbele kulia, kijani ya nyuma kushoto, zambarau ya nyuma kulia, na kila waya wa spika una mwenzake wa rangi hiyohiyo wenye mstari mweusi.

Soma tena rangi ya kijivu. Kwenye gari ni umeme. Kwenye redio mpya ni njia ya spika. Anayeunga kijivu kwa kijivu, kwa mantiki ambayo mtoto yeyote angeikubali, anapeleka volti 12 kwenye mdomo wa amplifaya, na moshi hauchelewi. Kijani nacho kina mtego huohuo, ila huu husubiri usiku dereva anapowasha taa. Dawa ipo: kiunganishi chenye plagi ya Toyota upande mmoja na waya za redio mpya upande wa pili, ambacho hakihitaji kukata waya hata mmoja wa gari. Lakini usikiamini kabla ya kupima kwa mita, kwa sababu huenda fundi aliyekutangulia alishakata, akaunga anavyojua yeye, akafunika kwa tepu. Gari lililopita kwenye mikono mingi lina tabaka za mafundi, na kazi ya kwanza ni kuzisoma.

Rangi ya njano ina onyo la pekee. Waya wa njano kwenye redio mpya ni rafiki. Mfuko wa njano uliofunika waya ndani ya dashibodi ni mfumo wa mito ya hewa, usiuguse wala usiuchome kwa tesita. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote karibu nao, toa kichwa cha hasi cha betri na usubiri angalau sekunde 90, kama Toyota wenyewe wanavyoelekeza, ili chaji iliyohifadhiwa iishe. Na kama gari lina ile redio yenye namba ya siri, jiulize kuhusu namba hiyo kabla ya kugusa betri.

Kosa jingine ni la uvivu: kuunga njano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa muda wote, kwa kuwa hivyo redio inawaka bila kuhangaika na ufunguo. Redio iliyolala vizuri hunywa sehemu ndogo sana ya ampia. Redio iliyosahaulika imewaka kwa sauti ya chini huweza kunywa ampia 0.4, na betri ya ampia-saa 45 itakauka kwa siku nne au tano. Kuwasha injini kutashindikana mapema zaidi ya hapo. Bondeni Usevya, mvua za masika zinapofanya gari likae nyumbani wiki nzima, mwenyewe ataamka na kulaumu betri. Atanunua mpya. Nayo itakufa.

Kuhusu fyuzi sina mengi: redio huja na ya ampia 10 au 15, nayo iwekwe hiyohiyo. Anayeweka kipande cha waya badala ya fyuzi hajui kwamba ameifanya dashibodi yote kuwa fyuzi.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi la redio zinastahili somo lake. "Wati 50 mara 4" linavutia, nalo lina asili. Injini ikiwa inafanya kazi, mfumo wa gari unafika karibu volti 14.4. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawa kwa 4, ambacho ndicho kizuizi cha spika nyingi za gari kwa omu, utapata karibu 52. Hiyo ndiyo hamsini yao: nguvu ya wimbi la mraba, yaani sauti iliyopasuka kabisa. Kwa wimbi laini nusu yake tu ndiyo inawezekana, 26, na ukitoa hasara za ndani unabaki na wati 18 hadi 22 kwa kila spika. Redio ya bei ndogo na ya bei kubwa zote zinabanwa na hesabu hii, kwa sababu zote zinakula betri moja. Mteja akidai redio ya "wati mia mbili", mwoneshe hesabu kwa upole. Akitaka mdundo wa kweli, anataka amplifaya ya pembeni na sabufa, na hapo mambo yanabadilika: amplifaya ya wati 500 inaweza kuvuta zaidi ya ampia 50, kwa hiyo inataka waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake ikae karibu kabisa na betri, si karibu na amplifaya. Waya huo ukichubuka dhidi ya bodi katikati ya safari, fyuzi iliyo mwisho wa waya haina la kusaidia.

Wakati wa mavuno utaitwa pia kwenye Fuso zinazobeba mahindi na mpunga. Zina volti 24, betri mbili mfululizo. Wapo wanaochukua volti 12 kutoka betri moja ili waendeshe redio ya gari dogo. Betri hiyo inanyonywa peke yake, mwenzake anajazwa kupita kiasi, zote mbili zinakufa kabla ya siku zao. Tafuta kifaa cha kushusha volti, au ikatae kazi.

Hata ukifunga kila kitu sawasawa, Usevya ina jambo lake. Mawimbi ya FM husafiri kwa mnyoofu wa macho. Kwa kukadiria, chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, zidisha kwa 4.12, fanya vivyo kwa antena ya gari, jumlisha, unapata kilomita. Mnara wa mita 100 unakupa 41, antena ya gari iliyo mita 1.5 juu ya ardhi inaongeza 5. Usevya iko mbali na Mpanda kuliko kilomita 46 hizo, tena iko bondeni, huku ukingo wa Lyamba lya Mfipa ukisimama upande wa magharibi. Mnara ukiwa juu ya kilima hesabu inanyooka zaidi, lakini mwelekeo ni uleule: hapa kuna ukimya ambao hautokani na Japani wala na fundi. Kabla hujatamka kwamba redio ni mbovu, lipeleke gari mahali ambapo simu au redio ndogo ya mkononi inakamata stesheni, ujaribu hapo.

Na uangalie antena. Magari mengi ya Japani yana antena iliyochorwa kwenye kioo cha nyuma au cha pembeni, ikisaidiwa na kikuza mawimbi kidogo kinachohitaji umeme wake. Redio ya kiwandani ilikuwa ikikipa umeme huo. Redio mpya hukipa kupitia waya wa buluu, na waya huo ndio mafundi wenye haraka huuacha ukining'inia, kwa kuwa muziki wa flashi hautambui kukosekana kwake. Mjini, karibu na mnara, mteja hataona tofauti. Bondeni ataona.

Fani hii ina wazee na vitabu vyake. Ndugu wa Galvin walitoa redio yao ya gari huko Marekani mwaka 1930 wakaiita Motorola. Blaupunkt wa Ujerumani wakafuata 1932. Mabishano ya kwanza hayakuwa ya sauti nzuri au mbaya, yalihusu kama dereva anayesikiliza atasahau barabara. Karin Bijsterveld na wenzake wamesimulia habari hiyo katika Sound and Safe, kitabu cha 2014, wakionyesha jinsi gari la Ulaya lilivyogeuka chumba cha faragha ambamo mtu hujifungia na sauti aitakayo. Kisome, kisha utoke nje usikilize. Kwetu redio ya gari mara nyingi inamwimbia asiye ndani yake: abiria anayeitwa kituoni, jirani, harusi ambayo gari limeegeshwa uani milango wazi. Kenda Mutongi, katika Matatu cha 2017, anatufikisha Nairobi ambako muziki ni sehemu ya biashara ya usafiri. Na Joshua Grace, katika African Motors cha 2021, anawapa mafundi wa Tanzania nafasi waliyonyimwa na waandishi wengi, ya watengenezaji wa teknolojia na siyo wapokeaji wake. Nakubaliana naye, na ningeongeza kwamba ushahidi mwingine haupo kwenye makaratasi. Uko nyuma ya dashibodi, umefungwa tepu.

Swali moja linawagawa wenye magari ya spoti ya zamani, nalo nakuachia ulifanyie kazi: je, redio ya kiwandani itolewe kabisa? Wapo wanaosema Altezza bila redio yake ya asili imepungua thamani. Wengine wanauliza thamani gani ina kifaa kinachokaa kimya na kumeza vumbi la MD. Msimamo wangu ni wa kati, na mafundi wengine huuona wa kujihangaisha: badilisha, ila badilisha kwa namna inayoweza kurudishwa. Tumia kiunganishi, usikate plagi. Mabano ya chuma yaliyoshika redio ubavuni yaache na skrubu zake. Redio ya zamani izungushie gazeti, iweke kwenye mfuko pamoja na mabano hayo, umkabidhi mwenye gari mkononi na kumwambia aihifadhi, maana atakayenunua gari baada yake anaweza kuiulizia.

Kazi yako ya kwanza haihitaji kununua kitu. Tafuta gari lolote ambalo mwenyewe atakuruhusu, toa redio bila kukata, uchore kwenye daftari kila waya unaouona: rangi yake, unakotoka, unakoelekea, una volti ngapi ufunguo ukiwa umezimwa na ukiwa umezungushwa. Weka alama ya pembeni kwenye kila kiungo ambacho si cha kiwanda. Tutaanza kusoma kutoka kwenye alama hizo.